Manju Aliyeshindwa na Zulia

Kijiji cha Mwanshiku, upande wa Shinyanga, kina visima viwili, shule moja na manju mmoja, na kati ya hivyo vyote watu wake wanamringia manju. Shule hata majirani wa Bulekela wanayo. Manju kama Limi, thubutu! Mwanamke akisimama katikati ya duara na usinga mkononi, njuga miguuni, anatoa wimbo alioutunga mwenyewe, kikundi kinampokea, na wewe uliyekuja kuangalia dakika tano unajikuta jua linazama na mbuzi wako hujui waliko.

Sasa huyo Limi, Mama Nelly, tangu mwezi wa pili hakuwa ametunga hata mstari mmoja. Na mwezi wa sita ulikuwa umeingia. Na mashindano na watu wa Bulekela yalikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, pamba ikishavunwa.

Chanzo chake kilikuwa mapenzi, na hili lisemwe mapema asije mtu akamlaumu binti wa watu. Nelly, mwanawe wa pekee, ameolewa Geita, anaishi Kalangalala na ana saluni yake pale. Alimzaa Bhoke, na mtoto alipofika miaka miwili akaona mama yake atamjua mjukuu kwa kusimuliwa tu, akamtumia simu kubwa ya kioo. Wiki mbili za kwanza ilikuwa raha tupu. Limi alimwona Bhoke akipiga mswaki, Bhoke akilia, Bhoke akimwaga uji. Alizoea hata kumbusu kwenye kioo, mpaka mumewe Wiliam akawa anakifuta kwa shati kabla hajasoma ujumbe wake.

Halafu siku moja, mjukuu akiwa amelala, kidole kikateleza mahali pasipojulikana, ikatokea video ya mwanamke wa Dar anapika keki. Limi hana oveni. Keki ameila mara tatu maishani, zote harusini. Lakini siku ile alitazama keki kama arobaini. Baada ya keki wakaja wachekeshaji, baada ya wachekeshaji wakaja wahubiri, na baada ya wahubiri, loo, akaja bwana wa zulia.

Huyu bwana hasemi neno. Hajulikani ni wa nchi gani. Analetewa zulia lililooza kwa matope, analimwagia maji, analipaka sabuni, anakwangua povu jeusi, analimwagia tena, anakwangua tena, mpaka chini ya ule uchafu yanachomoza maua mekundu. Basi. Ndiyo kazi yake. Akimaliza moja analeta jingine. Na Limi, ambaye nyumbani kwake kuna mkeka na ngozi ya ng'ombe, alikuwa hawezi kuondoka mpaka maua yaonekane, na yakionekana anataka kujua zulia linalofuata lina maua gani.

Ilianza jioni jioni, ikaingia mchana, ikaingia shambani. Anachuma mistari mitatu ya pamba, anasema ngoja nipumzike dakika mbili, anakaa nyuma ya kihenge ambako Wiliam hamwoni, na akija kuinuka kivuli cha kihenge kimehama. Shingo ikaanza kumuuma. Usingizi ukawa wa kukatika katika. Akawa mkali kwa vitu vidogo, chumvi, mlango, kuku. Wiliam ni mtu wa maneno machache na yote ya utani. Alimchungulia siku moja kule nyuma akauliza, "Limetakata?"

"Nini?"

"Zulia."

Limi aliona haya mpaka masikio yakamchemka, na kesho yake akahamia nyuma ya choo.

Nyimbo zake, unajua, hazikuwahi kuja kwa kuitwa. Zilikuja akiwa anapalilia, anapukuchua mahindi, anasubiri zamu kisimani. Mikono ina kazi, kichwa hakina, basi maneno yanajipanga yenyewe, yanagongana, linatoka moja tamu, anacheka peke yake kama mwehu. Sasa kichwa kilikuwa hakipati nafasi hata ya kukuna nywele. Kikitaka tu kutulia, kinapewa zulia.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mwenyekiti wa kikundi akaitisha mazoezi. Mwenyekiti ni Amosi, fundi ngoma, mtu mwenye sauti ambayo hata akikunong'oneza siri wanaipata majirani. Kikundi ndicho roho yake. Bulekela walikuwa wamewashinda miaka miwili mfululizo, na Amosi alikuwa hapiti tena barabara ya Bulekela, anazunguka na baiskeli kilomita nne zaidi ili asione nyuso zao.

"Haya Mama Nelly," akasema, "tupe mpya."

Limi akasimama katikati. Akainua usinga. Ngoma zikaanza taratibu kumngoja. Akafungua mdomo, akatoa wimbo wa mwaka juzi. Wakampokea kwa heshima. Akatoa wa mwaka jana. Wakaupokea, sauti zimeanza kulegea. Akatafuta mwingine, akatafuta, akasikia kichwani maji yanamwagika na brashi inakwangua. Akashusha usinga.

"Sina," akasema.

Amosi akapiga ngoma kofi moja kubwa. "Amefungwa!"

"Amefungwa," mwingine akadaka.

"Mwangalieni macho yalivyokuwa mekundu! Halali huyu. Amekonda! Manju haishiwi nyimbo hivi hivi kama debe la mahindi. Huyu amefungwa mdomo, na aliyemfunga tunamjua."

Walimaanisha Mageni, manju wa Bulekela, mwanamke mtu mzima kumpita Limi kwa miaka kama kumi, mwenye mwanya na mdomo usio na breki. Kusema kweli katika ngoma zile kila upande huutuhumu mwingine kwa dawa, na aghalabu ni maneno ya uwanjani, yanakwisha na vumbi. Hata Amosi alikuwa na kitu chake kimefungwa kwenye ngoma kubwa, na ukimuuliza anasema ni cha kuzuia panya.

Limi angeweza kusema pale pale. Sentensi moja tu: jamani, ni simu. Alifungua mdomo aseme. Akawatazama, watu ishirini na watatu wanaomwonea huruma, wanamwita mayu, yaani mama, mmoja amemletea kigoda akae. Akajiona anavyosimama kuwaambia kwamba hakufungwa na mtu, amekaa nyuma ya choo anaangalia zulia la watu likifuliwa. Kulogwa kuna heshima yake. Anayelogwa ni mtu wa maana. Akakaa kwenye kigoda.

Kesho yake akaletwa mganga. Limi alipakwa majivu kwenye paji la uso na kwenye koo, akapewa kitu kichungu cha kunywa, akakinywa chote. Alistahili.

Lakini safari hii maneno hayakukwisha na vumbi. Amosi alikuwa na machungu ya miaka miwili, na sauti yake ile. Yakatoka Mwanshiku, yakavuka mto, yakaingia Bulekela kwenyewe, na yalipofika kule hayakuwa tena maneno ya ngoma. Mageni kamfunga mtu. Mageni anajua kufunga. Na huku kwetu neno hilo likimganda mama mtu mzima si mchezo, wapo waliouawa kwa hilo, kila mtu anajua, hata wanaolisema kwa kucheka.

Limi alikuja kujua limefika wapi siku ya gulio. Mageni huuza michembe, na michembe ya Mageni si ya kutafuta mteja. Viazi vyake anavikata vyembamba, anavikausha juu ya mwamba safi, kufikia saa nne asubuhi kwa kawaida kapu liko tupu na yeye yuko kwa wengine anapiga soga. Siku ile ilikuwa saa saba na makapu yake mawili yamejaa kama yalivyotoka nyumbani. Wauzaji wa kulia na kushoto walikuwa wamesogeza vitu vyao hatua tatu tatu. Mageni amekaa katikati ya uwazi ule, mgongo wima, anafukuza nzi ambao hawakuwepo.

"Mama Nelly!" akaita. "Mwangaluka! Mbona unanyatia kama mwizi wa kuku? Naambiwa nimekufunga mdomo. Njoo uniambie nimetumia kamba gani, maana ya kumfungia ndama wangu imepotea."

Wengine wakacheka, kisha wakakumbuka, wakaacha.

Limi akasogea. "Mwangaluka mayu," akaitikia salamu.

Mageni akasema kwa sauti ya chini, na utani umemtoka, "Mkwe wangu kaja juzi kawachukua wajukuu. Anasema watakaa kwao kwanza, mpaka maneno yapoe. Watatu wote, Limi. Nyumba imekuwa na mwangwi." Akaokota mchembe mmoja ulioanguka, akaupuliza vumbi, akaurudisha kapuni. "Haya nenda, wasije wakasema nakuongezea."

Limi akaenda. Roho ilimsuta njia nzima mpaka akapita nyumbani kwake bila kuingia, ikabidi arudi.

Jioni ile, saa kumi, akampigia Nelly. Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma nyuma, Bhoke anagonga kitu. Limi hakusalimia hata mtoto. Akamwaga yote, keki, wahubiri, zulia, choo, mganga, Mageni na wajukuu zake.

Nelly akaanza kucheka. Alicheka kwenye zulia, akacheka zaidi kwenye choo. Kwenye wajukuu akaacha kucheka, akazima mashine.

"Mama, ngoja nikuambie, na usimwambie mtu. Mwaka jana kaja mteja hapa, mke wa mnunuzi mkubwa wa dhahabu, mama mwenye nywele zake mpaka mabegani. Nikampaka dawa, nikamwambia dakika kumi. Nikachukua simu niangalie harusi ya mtu nisiyemjua. Nikashtuka mama wa watu anapiga kelele kichwa kinawaka! Nywele za nyuma zote zilibaki kwenye taulo. Hajarudi mpaka leo, na kila akipita hapa nje anajifunga kilemba kwa makusudi."

"Yesu wangu!"

"Ndiyo hivyo. Sasa nifuate. Usiitupe hiyo simu, maana ukiitupa Bhoke utamwona wapi? Sikukutumia ikumeze, nilikutumia tuonane. Bonyeza pale kwenye mipangilio. Kuna mahali panaonyesha unaitumia saa ngapi kwa siku. Umeona?"

Limi akavaa miwani ya Wiliam. Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Saa sita na dakika arobaini," akasema polepole. "Nelly, huo ni mchana mzima. Hiyo ni nusu ekari ya pamba!"

"Na ya juzi?"

"Usiniulize ya juzi."

Wakakaa nayo saa nzima, binti Geita, mama Mwanshiku. Ile programu ya video wakaing'oa kabisa, na Limi akaagana nayo kwa shingo upande, tuseme ukweli. Milio yote wakaizima isipokuwa ya Nelly na ya Wiliam. Wakapatana saa yao ni saa kumi jioni, ndipo simu inashuka, wanaonana, wakimaliza inarudi mahali pake, na mahali pake ni kwenye mkoba juu ya msumari ndani, shambani haiendi. "Na kitu kimoja cha kukusaidia," Nelly akasema, "hapa pana kinasa sauti. Wewe hujawahi kuandika wimbo, unasahau nusu ukifika mazoezini. Ukikujia, uimbie simu. Ifanye karani wako."

Siku tatu za kwanza zilikuwa mateso, asikudanganye mtu. Mkono wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe kiunoni kwenye pindo la kanga, unapapasa, unakuta hakuna, unarudi kwenye pamba umenuna. Kila baada ya mistari mitatu miguu ilitaka kwenda nyuma ya choo. Limi alichoka, akanuna, akagombana na mbwa. Wiliam alichuma mistari yake upande wa pili akaona bora anyamaze, na kwa mtu mtani kama yule hiyo nayo ilikuwa kazi.

Siku ya nne usingizi ukamchukua moja kwa moja mpaka jogoo. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mikono ikichomoa pamba vidoleni bila kuulizwa, kichwa kikawa kitupu, kitupu kabisa, upepo unapita. Na katika ule utupu neno likaja. Likaja na jirani yake. Limi akasimama katikati ya pamba, akacheka kwa sauti, "Hee!" Akatupa kikapu, akakimbia nyumbani kama anayekimbizwa na nyuki, akautungua mkoba, akaiimbia simu mistari minne. Kisha akaurudisha mkoba kwenye msumari na kurudi shambani anahema, na Wiliam alipomwona alivyokuwa anang'aa usoni akavua kofia akamwinamia kama chifu.

Wiki hiyo nyimbo zilikuja tano. Alikuwa na furaha mpaka anamsalimia yule mbwa. Akaenda mazoezini, akaimba, kikundi kikalipuka, ngoma zikalia mpaka wapita njia wakashuka kwenye baiskeli. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi.

"Dawa imefanya kazi!" Amosi alipiga kelele, amejaa machozi ya furaha. "Mmeona? Mganga kamfungua siku ngapi, leo manju anaimba! Sasa nani bado anabisha kwamba Mageni alimfunga?"

Hakuna aliyebisha. Hata wale wachache waliokuwa na shaka wakaachana nayo. Kupona kwa Limi kulikuwa ndiyo ushahidi.

Limi akamfuata Amosi pembeni. "Mwenyekiti, nisikilize. Sikufungwa. Ilikuwa simu. Nilikuwa naangalia vitu kwenye simu kutwa, kichwa kikajaa. Nimeacha, nyimbo zimerudi. Mageni hana kosa."

Amosi akamshika bega kwa upole mkubwa. "Mayu, waliofungwa wote husema hivyo. Ni mabaki ya dawa yake. Wewe pumzika, na ututungie mmoja wa kumchoma, watu wote wa kata waujue."

"Mageni wamemchukulia wajukuu, Amosi!"

"Ametaka mwenyewe."

Alijaribu kwa wengine wawili. Mmoja akamwonea huruma, wa pili akapendekeza mganga arudi. Ndipo Limi akatambua kwamba Mwanshiku nzima hakuna atakayemsikiliza Mama Nelly. Wanamsikiliza manju, tena akiwa ndani ya duara, ngoma zikiwa zinamngoja. Huko manju akisema, hakatizwi. Ni desturi, hata Amosi hawezi kuivunja. Akapiga moyo konde, akarudi kwenye pamba, na wimbo wa sita aliotunga hakuuimbia hata simu.

Jumamosi ikafika. Kiwanja kati ya vijiji viwili kilijaa toka asubuhi, vumbi, maandazi, watoto mabegani, pikipiki zimepangwa kama ng'ombe kwenye zizi. Sheria za mashindano hazina karatasi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja mashariki kimoja magharibi, na watu wanakimbilia kunakonoga. Bwana utamaduni wa kata akipuliza filimbi ya mwisho, duara lenye watu wengi ndilo limeshinda.

Wiliam alisimama mbele ameishika simu juu kwa mikono miwili, na ndani ya kioo alikuwemo Nelly, saluni amefunga, na Bhoke amekaa mapajani anapiga makofi kabla hakijaanza kitu.

Ngoma zikaanza pande zote. Limi akatoa nyimbo zake tano moja baada ya nyingine, na watu wakawa wanavuka kuja kwake, makundi kwa makundi. Kule magharibi Mageni alikuwa anaimba vizuri kama kawaida yake, lakini watu walikuwa wamemwachia nafasi, wanasikiliza kwa mbali, zile hatua tatu tatu za gulioni. Amosi aliliona lile akazidi kupiga. Ushindi ulikuwa mkononi. Kabla ya filimbi haikuwa imebaki hata robo saa.

Limi akainua usinga, akawakata wapiga ngoma. Zikanyamaza. Si kawaida kuzinyamazisha mwishoni namna ile, watu wakadhani ameanguka mtu, na Bulekela nao waliposikia kimya wakasimamisha za kwao. Kiwanja kizima kikatulia, kondoo mmoja tu analia huko pembeni. Limi akaimba bila ngoma. Aliimba kwa Kisukuma, na ukiugeuza Kiswahili nusu ya utamu inamwagika njiani, lakini ulikuwa unasema hivi:

*Mniulize mimi Limi nani alinifunga mdomo.*
*Nilikaa nyuma ya choo, namwangalia mtu anafua zulia.*
*Zulia si langu, sabuni si yangu, na mtu mwenyewe simjui.*
*Saa sita na dakika arobaini, kila siku ya Mungu.*
*Wimbo wangu ukaenda na povu.*
*Mkasema ni Mageni, nami nikanyamaza.*
*Nikanyamaza kwa kuwa kulogwa kuna heshima,*
*na kushindwa na zulia ni aibu.*
*Mageni hakunifunga. Nilimfunga mimi.*
*Wajukuu watatu wameondoka kwake kwa kamba ya ulimi wangu.*

Kwenye zulia walianza kucheka, wakavunjika mbavu, mwanamke mmoja akakaa chini kabisa. Kwenye Mageni wakaacha. Mistari ya mwisho ilisikika mpaka kwenye pikipiki. Limi alibaki amesimama, jasho linamtiririka. Amosi alikuwa ameshika vijiti vya ngoma hewani na mdomo uko wazi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutoa sauti.

Kisha kutoka magharibi, bila ngoma vilevile, sauti ya Mageni ikajibu. Hakuwa ameitunga nyumbani, aliitunga pale pale amesimama, na hapo ujue huyo mama ni wa aina gani.

*Limi, ningekuwa na dawa ya kufunga midomo*
*ningeanza na jogoo wa jirani yangu.*
*Halafu ningemfunga Amosi, kata nzima ipate usingizi.*
*Wewe ningekuweka wa mwisho,*
*kwa kuwa siku niliyokuhitaji useme*
*ulikuwa umeshajifunga mwenyewe.*

Weee! Kiwanja kikapasuka. Watu walipiga mayowe, wakarusha kofia, wakaanza kukimbia. Walikimbilia magharibi, kwa Mageni, wote, zile hatua tatu tatu zikafutika kwa dakika moja, wamembana kila upande wanaimba ule mstari wa jogoo wa jirani. Mwanshiku ikabaki na duara lake na Amosi na watu wachache wenye aibu zao.

Na Limi akaenda. Manju hatoki kwenye duara lake kabla ya filimbi, haijapata kutokea, hata wazee wakubwa hawakumbuki. Alitoka na njuga zake miguuni, analia na kucheka vyote pamoja, akavuka uwanja ule mtupu, Wiliam nyuma yake na simu juu na Nelly ndani yake anapiga vigelegele vya kujaza saluni nzima. Watu wa Bulekela wakampisha. Alipofika mbele ya Mageni akapiga magoti yote mawili vumbini.

"Mwadila, mayu," akasalimia kama binti mbele ya mama yake.

Mageni hakuitikia haraka. Alimwacha pale chini kwa muda wa kutosha kila mtu aone, hata walioko nyuma waliobeba watoto. Kisha akamshika mikono yote miwili, akamwinua.

"Mwadila, ng'wanawane," akaitikia, akimwita mwanangu. "Ulinikata, Limi. Ulinikata vibaya sana." Akamkumbatia kwa nguvu mpaka njuga zikalia.

Wale wa Mwanshiku waliobaki wakaanza kuja, mmoja mmoja, halafu wawili wawili, kila mmoja akipiga goti mbele ya Mageni, mwadila mayu, mwadila mayu, naye akiwaitikia wote kwa majina. Filimbi ililia na hakuna aliyeisikia. Mwisho kabisa, uwanja wa mashariki ukiwa hauna mtu, Amosi akaweka ngoma yake chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, akavuka peke yake. Akapiga goti kwa shida, maana magoti yake ni mabovu.

"Mwadila, mayu," akanong'ona, na watu wote wakasikia.

"Mwadila, Amosi," Mageni akasema. "Umechelewa. Sasa inuka uende kwa mkwe wangu, ukaniletee wajukuu wangu kwa sauti hiyo hiyo uliyowaondolea."

Amosi akainuka akaenda kutafuta baiskeli yake.